Muzungu Niliyemupa Ukoo wa Mamba

Nianze na upumbavu wangu, asije mutu mwingine akawasimulia vibaya: mimi ndiye niliyemupa muzungu ukoo. Sikumupa kofia wala kuku. Nilimupa ukoo mzima, pamoja na wajomba na matanga yake, pale bandarini Nchelenge, mbele ya wanawake wenye samaki, kwa sababu ya pakiti moja ya biskuti ambayo hata haikuwa imejaa.

Sasa mimi ni mustaafu. Musicheke. Nina miaka kumi na sita, niko Form Three, na kazi ya ukalimani niliifanya vakansi nne za shule mufululizo, mpaka mama akanistaafisha siku moja saa ya kula, bila barua ya shukrani. Ninyi wa Form One munaonizunguka kila siku mukiuliza kazi hii inafanywaje, kaeni chini. Wazee wote walioacha kazi wanawasumbua vijana kwa hadithi zao. Mimi nimeacha kazi, ninyi ni vijana, basi mutasumbuliwa.

Kazi yenyewe munaijua. Mabwato ya Zaire, ng'ambo ya ziwa, yanaleta vitenge, sabuni na mabeseni, na wenye mali wanasema Kiswahili cha Katanga. Mama zetu wanakaa na mafungu ya samaki wakavu na wanasema Kibemba. Kiswahili cha kununua na kuuza wanacho wote. Cha kugombana hawana, na hapo ndipo waliponihitaji. Baba yangu ni mufanyabiashara wa Pweto, upande wa Zaire, mama ni wa hapa hapa, kwa hiyo nilizaliwa na lugha mbili kinywani. Shule ikaongeza Kiingereza. Kifaransa changu ni neno moja, "donc", yaani basi, lakini ukilisema polepole huku unatazama juu, watu wanakupisha.

Sheria ya kwanza: bei unaitafsiri mara moja, tusi unalitafsiri baada ya samaki kufungwa na kamba. Sheria ya pili: usisimame katikati, simama pembeni, kwa sababu mukono ukirushwa unapita katikati. Ya tatu niliilipa na shavu langu.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Tantine Feza, mama mukubwa wa Pweto mwenye mwili wa watu wawili na sauti ya mutoto, alimwambia Bana Mwansa, yaani mama yake Mwansa, muuzaji wetu, kwamba samaki wake ni wagumu kama nyayo za mama mukwe wake. Mimi nikatafsiri vizuri sana. Nikatafsiri na mudomo uliobetuliwa, na mikono kiunoni, na kile kiuno cha Tantine Feza nikakizungusha mara mbili. Bana Mwansa akanipiga kofi mimi, si Tantine. Tantine alicheka mpaka akakalia beseni lake mwenyewe. Halafu akanivuta sikio akasema, "Weye unapitisha maneno tu, baba. Matako yangu uniachie miye mwenyewe."

Hilo ndilo fundisho kubwa la kazi, na hamtalipata shuleni.

Sasa muzungu. Lakini kabla yake lazima nimulete Shikulu Chisenga, maana bila yeye muzungu huyu angekuwa muzungu tu.

Shikulu, yaani babu, ni ndugu ya bibi yangu, muzaa mama. Kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo yeye na mama na mimi ni kitu kimoja, wa ukoo wa Samaki. Na huyu mutu wa ukoo wa Samaki alikuwa amekaa miaka thelathini bila kugusa ziwa, na nyumba yetu iko hatua sitini kutoka majini. Nilizihesabu. Alioga kwa ndoo. Alilima muhogo. Akiona wavuvi wanapita aliwasema vibaya, na wao walimucheka, na mimi nilicheka pamoja nao.

Zamani alikuwa mupiga kafi, anavusha watu na samaki kati ya hapa na kisiwa cha Kilwa cha humu ziwani na Mununga, na ng'ambo ya pili kwa Wabeleji. Upande huu walikaa Waingereza. Katikati ya ziwa hao wawili walipitisha mustari. Waliupitisha wakiwa kwao Ulaya, juu ya karatasi, bila hata kulowa. Shikulu alikuwa na shangazi pande zote mbili, na samaki pia walikuwa na shangazi pande zote mbili. Siku moja alirudi kutoka ng'ambo alikouza samaki, akamukuta pwani kijana wa boma, Muingereza mwenye magoti mekundu, na matarishi wawili nyuma yake. Kijana yule alinyosha kidole juu ya maji akaeleza mustari, akaeleza, akaeleza, mpaka watu wakamwita Bwana Mustari. Mwisho akachukua kafi ya Shikulu. Itakaa na serikali, alisema, mpaka mwenyewe ajifunze mustari unapita wapi. Shikulu akajibu kwamba mpaka kafi ile irudi, maji hayataona muguu wake.

Wote wawili walishika maneno yao. Bwana Mustari akaenda kwao na kafi. Baadaye bendera yao ikashuka, yetu ikapanda, inakaribia miaka kumi sasa, na Shikulu bado anaoga kwa ndoo. Wakaja watu na mabwato ya mashine, wakamwambia mzee, panda, hii haina hata kafi. Akakataa.

Tulicheka mpaka mwaka huu. Dada yake mudogo, Bibi Kaoma, anakaa kisiwani Kilwa, mahali ambapo bila bwato hufiki. Zamani alikuwa anavuka yeye kuja kumuona kaka yake. Kisha miguu ikakataa. Mwezi wa nne alituma neno na Tantine Feza, nami nikalipeleka kwa Shikulu jinsi lilivyo: miguu yake imekwisha na macho yanafuata, basi huyo mupumbavu aje amuone wakati yeye bado anaona.

Shikulu alitazama ziwa. Akasema, "Nileteeni kafi yangu." Akarudia kumenya muhogo, akamenya ule aliokwisha kuumenya. Siku hiyo sikufanya muzaha mpaka saa ya mchana, na munajua mimi si mutu wa kukaa hivyo.

Basi vakansi ya mwezi wa nane ikafika Landrova, na ndani yake mzee wa kizungu mwenye nywele nyeupe. Alitafuta mutoto anayejua Kiingereza na Kibemba na Kiswahili, na bandari nzima ikanionyesha kwa kidole. Alisema alifanya kazi hapa zamani na sasa anaandika kitabu juu ya wakati ule. Alinipa biskuti mbili za mwanzo. Tuliposhuka kwa wanawake wenye samaki, nikaona wakubwa wanafunika midomo na kutazama magoti yake. Ni Bwana Mustari, walinong'ona. Nikakumbuka kafi mara moja, lakini nilijua iko Ulaya, na Ulaya si Mununga hapa jirani.

Siku mbili aliuliza. Alimuuliza kila mzee wakati ule ulikuwaje. Kila mzee alijibu: vizuri, bwana. Nyavu? Vizuri. Kodi? Vizuri. Wale waliobeba mizigo? Vizuri kabisa. Mugeni haambiwi ubaya wake usoni, hasa mugeni aliyekuwa na gereza. Kaye yake, lile daftari la kuandikia, ilibaki nyeupe kama nywele zake. Siku ya pili mchana akaifunga, akasema kesho ataenda Chienge, labda huko watu wana maneno.

Nikaona pakiti ya biskuti inaondoka kwenda Chienge. Ndipo nikafungua kinywa. Niliwaambia wanawake kwa Kibemba, kwa sauti: "Mama zangu, musimuogope huyu. Zamani alipewa ukoo. Ni wa Mamba."

Bana Mwansa, yule wa kofi, akaweka kisu chini. "Wa Mamba?" akauliza. "Na amekaa hapa siku mbili bila kutukanwa?"

Munaelewa nilichofanya. Mamba anakula samaki, kwa hiyo mutu wa Samaki ana haki ya kumutukana mutu wa Mamba kutoka asubuhi mpaka jioni, na kumunyang'anya kitu mukononi, na Mamba akikasirika amejiaibisha mbele ya wote. Ndio utani wetu, tunauita bunungwe, na mababu walikuwa nao kabla ya karatasi yoyote. Neno ambalo huwezi kumwambia mugeni, mutani wako unamwambia huku umemushika sikio.

Wakamwambia. Bana Mwansa alimuuliza yale meno yake ya mamba yalishiba nini siku alipochoma wavu wa baba yake eti matundu ni madogo, na mamba ana haja gani na wavu. Mama mwingine alitaka kujua kwa nini mume wake alibeba bafu la bati kichwani mpaka Chienge, na bwana mwenyewe akafika huko bila kuoga. Mzee mumoja alisema amewauliza samaki wote kama wameuona mustari, bado anangoja jibu. Mwingine akamutajia siku za jela moja moja, na kila siku akaipigia makofi. Walicheka wakilia. Walilia wakicheka. Walimuvuta shati, walimuvua kofia wakalivalisha beseni.

Na mimi nilivunja sheria ya kwanza ya kazi: matusi yote niliyatafsiri yakiwa moto.

Masikio ya muzungu yalikuwa kama nyanya, lakini mukono wake haukuacha kuandika. Kaye ikaisha, akaandika nyuma ya jalada. Akaniuliza kwa nini wanacheka wakati maneno yenyewe si ya kucheka. Nikamwambia, "Kwa sababu sasa wewe ni mutu wao, bwana." Akaandika na hilo.

Jioni nikaenda nyumbani nimevimba kwa sifa. Mama alikuwa amekwisha kusikia. Aliuliza kama nimefikiri nani atamuzika muzungu huyo akifia hapa, na nani atamukatalia akija na njaa. Ukoo si biskuti, alisema, na alikuwa ameshika mwiko, kwa hiyo sikubishana.

Kesho yake muzungu hakwenda Chienge. Alisema kuna kitu kimoja cha mwisho. Alikuwa anakipeleka kwenye mize, ile nyumba ya serikali ya kuweka vitu vya kale, na alitaka kujua kwanza nani alikichonga. Akafungua blanketi nyuma ya Landrova.

Ilikuwa kafi. Kwenye bapa lake kulikuwa na samaki aliyechorwa kwa chuma cha moto, na samaki huyo alikuwa na mikia miwili. Nyumbani kwetu hata mutoto wa miaka mitatu anajua kwa nini. Shikulu alipokuwa anamaliza mukia, chuma kiliteleza.

Sikumwambia ni ya nani. Nilisema namujua mzee mumoja anayeelewa makafi.

Shikulu alikuwa anamenya muhogo. Mama alisimama mulangoni kwa jiko. Majirani wakaanza kukumbuka shughuli za karibu na nyumba yetu, na Tantine Feza, aliyekuja kuomba chumvi, akasahau chumvi. Muzungu akanyosha kafi kwa mikono miwili, akaniambia nimuulize mzee kama anamujua aliyeichonga.

Shikulu hakutazama kafi kwanza. Alitazama magoti. Akaniuliza, "Ni yeye?"

Nikasema ni yeye.

"Nimesikia umemufanya Mamba."

"Ni mimi, shikulu."

"Upumbavu mukubwa," akasema. Akaweka kisu chini, akapangusa mikono kwa suruali, akasimama. "Upumbavu mukubwa sana." Safari hii alisema kama mutu anayemusifu fundi.

Akashika kafi. Na maneno yake hakuyasema kwa Kibemba, aliyasema kwa Kiswahili cha bandari, ili hata watu wa Pweto wawe mashahidi: "Mamba, umekaa na kitu ya Samaki. Ninakamata."

Muzungu hakuachilia. Wazee wawili, kafi moja, hakuna anayevuta. Akaniambia niseme kwamba kafi ina namba tayari, kwamba mize inaingoja. Nikasema. Shikulu akabaki ameshika. Ndipo muzungu akainama kwangu akauliza kwa Kiingereza, polepole, "Huu ukoo ni wa kweli?"

Hapo, vijana, ndipo nilipojua kazi yangu ilikuwa nini. Lugha tatu na "donc", na hakuna iliyonisaidia. Nikisema ni wa kweli, nimedanganya tena. Nikisema ni uongo, anaweza kuita polisi, na Shikulu atakuwa mwizi wa kafi yake mwenyewe, na Bibi Kaoma atazikwa bila kumuona. Nikasimama pembeni kama sheria ya pili inavyosema, nikapitisha maneno tu.

"Ni uongo wangu, bwana. Niliusema kwa ajili ya biskuti. Lakini bandari nzima imeuamini, na jana walikutukana kama wanavyotukana watu wao tu. Ukiukataa leo, utarudi kuwa mugeni. Na wageni tunawaambia 'vizuri'."

Alitazama ile kaye iliyochomoza kwenye mufuko wake. Alitazama magoti yake mwenyewe, sijui kwa nini. Kisha vidole vyake vikafunguka, kimoja kimoja.

"Mwambie mimi pia sikuwahi kuuona huo mustari," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa na karatasi."

Nikatafsiri bila kiuno na bila mudomo. Ni tafsiri bora kuliko zote nilizofanya.

Shikulu alipitisha kidole kwenye mikia miwili. "Mwambie atafute kopo," akasema. "Bwato tutakaloazima litavuja, na kazi ya kukumba maji ni ya Mamba."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata kwenda Kilwa, na kama hukuwepo pwani siku hiyo pole yako. Bandari ilifunga. Samaki walikaa peke yao juani bila muuzaji. Shikulu alitia muguu mumoja majini akasimama, maji kwenye kifundo. Akasema maji ni baridi kuliko alivyoyaacha. Vigelegele vilivyopanda hapo nadhani vilisikika Zaire bila kuonyesha pasi.

Kafi zake za kwanza zilikwenda kombo, tukazunguka kama kuku aliyefungwa muguu, na wavuvi walicheka, walikuwa na deni la miaka thelathini la kumucheka. Baada ya hapo mikono ikakumbuka. Wajomba wawili walisaidia nyuma, lakini mbele alikuwa yeye, mugongo umenyooka, na bwato likakata ziwa kama kitambaa. Muzungu alikuwa katikati, amekunja suruali, anakumba maji kwa kopo la maziwa ya unga. Kila alipopumzika, Tantine Feza alimupigia kelele kutoka bwato lake: "Mamba, maji inaingia, weye unaangalia mawingu?"

Katikati ya ziwa Shikulu akaacha kupiga kafi. "Bwana Mustari," akasema bila kugeuka, "iko wapi?"

Nikatafsiri. Muzungu akainua kidevu, akaonyesha ng'ambo ya kisiwa. "Kule nyuma. Mahali fulani."

"Fulani," Shikulu akasema. "Miaka thelathini ya ndoo, juu ya fulani." Akaanza kucheka, akacheka mpaka kafi ikataka kumuponyoka, na sote, pamoja na muzungu, tukaidaka kwa pamoja.

Bibi Kaoma alikuwa amebebwa mpaka pwani, amekaa kwenye kigoda, miguu yake ndani ya maji. "Umechelewa," alimwambia kaka yake, kama mutu aliyemupikia ugali tangu asubuhi. "Bukari imepoa."

Shikulu akajibu kwamba kafi ilikuwa mbali. Bibi akamushika uso kwa mikono miwili, polepole, kama mutu anayesoma. Kisha akashika kafi, akatafuta ile mikia miwili kwa kidole, akaipata, akatikisa kichwa. Halafu akauliza yule mwekundu ni nani. Walipomwambia ni Mamba wetu, alinyosha mukono akamuvua kofia, akaivaa. Mpaka leo anayo.

Kosa langu la mwisho la kazi nililifanya wakati wa kurudi. Muzungu, anakumba maji, aliuliza kama Mamba naye ana haki ya kunyang'anya Samaki. Mimi, kwa furaha, nikamueleza sheria nzima, pande zote mbili. Vijana, musimufundishe mamba sheria nzima.

Siku ya kuaga alipita nyumbani. Shikulu hakuwepo, siku hizi ukimutaka lazima uwe na bwato. Mama alikuwa jikoni anasonga bukari, sufuria inatokota, unga ndio kwanza umeanza kushika. Muzungu akasimama mbele yake, akanyosha mukono, akasema kwa Kiswahili chake cha kutembelea fimbo: "Mimi Mamba. Ninakamata." Akachukua mwiko kutoka mukononi mwake.

Aliugeuza geuza. Ulifanana na kafi ndogo, alisema, na ule msumari ukutani kwake uliokuwa unashika kafi sasa uko wazi. Mama alifungua kinywa, akaona majirani wote wanatazama, akakifunga. Sheria ni sheria. Hata alitabasamu, kwa ajili ya majirani. Landrova ikaondoka kwa njia ya Kawambwa, na mwiko bado una unga.

Sufuria ikaanza kunuka. Mama akageuka akanitazama. Alichosema nakipitisha jinsi alivyokisema, bila kuongeza neno, maana ndiyo tafsiri yangu ya mwisho:

"Kafi ya babu yako imerudi. Mwiko yangu imeenda Ulaya. Sasa weye, bukari inaungua: koroga na ulimi yako, ndio murefu kupita mwiko."